Kubadilisha kanuni za uvuvi wa burudani bila kuufunga mto: mwongozo kamili kwa wavuvi wa ndoano wa Nairobi

Ijumaa jioni, foleni ya Thika Road ikishaanza kulegea, unawatambua wavuvi wa burudani kwa fimbo zilizolazwa juu ya viti na viatu vya mpira kwenye buti. Wengine wanaelekea Gura na Chania, mito ya Aberdare. Wengine Ragati na Thiba, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Wasiopenda baridi wanashuka bwawa la Masinga. Jumapili usiku wote hurudi na malalamiko yale yale: samaki wamepungua, wamekuwa wadogo, kuna watu walibeba ndoo nzima. Ukiwauliza kanuni zinasemaje, kila mmoja ana jibu lake.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyechoka kulalamika na anataka kanuni za mto wake zirekebishwe, samaki wabaki na watu waendelee kuvua. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha wavuvi hapa Nairobi, na mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Tuliandika kanuni 14 tukiwa kwenye hoteli moja Ngong Road, kwa chai na mandazi, bila hata mmoja wetu kulowa miguu. Tulipozipeleka upande wa Othaya, mzee mmoja ambaye shamba lake la chai linashuka hadi mtoni alizisoma zote, akavua miwani, akauliza: "Sasa vijana wangu, mjukuu wangu akinasa samaki mmoja kwa mwanzi, mtamfunga?" Tukatazamana. Karatasi tukarudi nazo Nairobi.

Tulichofanya baada ya hapo ndicho nitakachoeleza, pamoja na yale ambayo ningetaka mtu aniambie kabla ya zile kanuni 14.

Hatua ya 1: Chagua mto mmoja, kisha sema unamlinda nani

Usianze na "mito ya Kenya". Anza na kipande cha mto ambacho unaweza kukitembea kwa siku moja, au na bwawa moja. Kisha jibu swali ambalo wengi hulikimbia: unamhifadhi samaki gani, na kwa nini?

Swali hili ni gumu kwetu kuliko linavyoonekana, kwa sababu samaki wengi tunaowavua kwa burudani ni wageni. Trauti wa kahawia waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na Ewart Grogan, wakatiwa kwenye mto Gura. Trauti wa upinde wakafuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Kituo cha Kiganjo, kinachototoa vifaranga vya trauti, kipo tangu mwaka 1948. Kwa hiyo mtu anayesema analinda "samaki wa asili wa Gura" anapotumia fimbo ya trauti ajichunguze kwanza.

Ziwa Naivasha ni mfano mkali zaidi. Besi mwenye mdomo mpana aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kamba wa Louisiana wakaingia mwaka 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapi akaanza kulitawala ziwa. Kasamaki kadogo ka kienyeji kalikokuwa humo hakajaonekana kwa miongo mingi. Hapo, kanuni ya kuwapunguzia watu idadi ya kapi wa kubeba nyumbani ni kumlinda aliyevamia nyumba. Acheni watu wawabebe.

Kwenye Athi na Tana hesabu inageuka. Kuna kuyu, jamii ya Labeobarbus, ambao ni wenyeji na wanapigana kwenye mshipi kuliko trauti yeyote (najua kuna watakaonikasirikia kwa kauli hii). Na kuna mkunga, anayeishi miaka mingi kwenye maji baridi, kisha anarudi baharini kuzaa mara moja tu maishani mwake. Mkunga mkubwa unayemnasa leo bado hajazaa hata mara moja. Kanuni ya kumrudisha kila mkunga majini haihitaji utafiti wa miaka mitano.

Andika jibu lako kwa sentensi moja. Letu lilikuwa hili: "Tunataka trauti wa kipande hiki waendelee kuzaana wenyewe bila kupandikizwa, na mtoto wa hapa aendelee kuvua bila hofu." Kila kanuni iliyokuja baadaye tuliipima kwa sentensi hiyo. Nyingi zilianguka.

Hatua ya 2: Jua kalamu iko mkononi mwa nani

Watu hupoteza miezi wakipeleka barua ofisi isiyohusika. Sheria kuu ni ile ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi, namba 35 ya mwaka 2016. Ndiyo iliyounda Shirika la Huduma za Uvuvi la Kenya, KeFS, na chini yake waziri anayehusika ndiye anayetoa kanuni za kitaifa. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imegawa kazi: ulinzi wa mazingira na maliasili, uvuvi ukiwemo, ni wa serikali ya kitaifa; shughuli za uvuvi, zikihesabiwa pamoja na kilimo, ni za kaunti. Kwa hiyo afisa wa uvuvi wa kaunti, awe Nyeri, Kirinyaga au Machakos, ndiye mlango wako wa kwanza, hata kama jibu la mwisho litatoka Nairobi.

Mto ukipita ndani ya hifadhi ya taifa, KWS, shirika la wanyamapori, wana neno lao, na mvuvi analipa kiingilio mbali na leseni ya uvuvi. Ukipita kwenye msitu wa serikali, kuna KFS, shirika la misitu (usiwachanganye na KeFS), na chama cha jamii cha msitu. Maji yenyewe yana chama cha watumiaji maji, na hawa usiwasahau, kwa sababu mara nyingi kilichopunguza samaki ni bomba la umwagiliaji lililonyonya mto mwezi wa Februari wala si ndoano yako. Ziwani na kwenye mabwawa, uliza BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo vilivyowekewa kanuni mwaka 2007.

Kabla ya kupendekeza kanuni mpya, tafuta iliyopo. Kenya Law wanaweka sheria na Gazeti Rasmi mtandaoni bure. Usipopata, andika barua ya kuomba habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Omba mambo matatu tu: kanuni zinazotumika kwenye mto ule, idadi ya leseni za uvuvi wa burudani zilizotolewa, na kumbukumbu za kupandikiza vifaranga. Barua ya kurasa nne hujibiwa na mtu aliyechoka.

Hatua ya 3: Weka daftari kabla ya kufungua mdomo

Kama kuna hatua moja ya kutumia nguvu zako zote, ni hii. Maoni ya wavuvi kuhusu samaki kupungua hayana thamani mezani kwa sababu kila kizazi cha wavuvi kimesema hivyo. Daftari lina thamani.

Kwa kila safari, kila mvuvi aandike: tarehe, sehemu ya mto, saa aliyoanza na kumaliza, zana, samaki aliowanasa, urefu wa kila mmoja, aliowabeba, aliowarudisha, na waliorudishwa wakiwa wanavuja damu. Aandike pia siku alizotoka mikono mitupu. Hizi ndizo siku ambazo watu hawaandiki, na bila hizo daftari lako linadanganya.

Urefu upimwe kwa njia moja. Samaki mmoja anaweza kuwa na vipimo viwili: toka mdomoni hadi kwenye bonde la mkia, au hadi ncha ya mkia. Chagueni ncha ya mkia, muandike hivyo kwenye jalada la daftari. Sisi tulibandika kipande cha utepe wa fundi cherehani kwenye mpini wa kila fimbo, ili mtu ampime samaki akiwa bado kwenye wavu wa mkono.

Kisha piga hesabu ya samaki kwa saa. Tuseme fimbo 4 zimevua saa 5 kila moja: hizo ni saa 20. Mkinasa samaki 12, ni 0.6 kwa saa. Namba hii, ikikusanywa mwezi baada ya mwezi kwenye kipande kile kile, inasema mengi kuliko hotuba yoyote. Ikishuka huku saa zikibaki zile zile, kuna jambo. Ikibaki pale pale lakini urefu wa samaki unazidi kupungua, kuna jambo jingine.

Hesabu ya pili ndiyo iliyotuokoa na aibu. Hesabu ni safari ngapi mvuvi alifikia kikomo cha idadi kinachotumika. Tulikuwa tumejiandaa kupigania kikomo cha samaki 4 kwa siku badala ya 6. Tulipofungua daftari, karibu kila mtu alikuwa akirudi na mmoja, wawili, au hewa. Kushusha kikomo kutoka 6 hadi 4 kusingemwokoa hata samaki mmoja. Kungetupa tu hisia kwamba tumefanya kitu. Kikomo hufanya kazi pale tu kinapowagusa watu, na hata hapo kinamdhibiti mtu mmoja kwa siku moja. Idadi ya wavuvi ikiwa mara mbili, samaki wanaotoka wanaweza kuwa mara mbili na kila mmoja akawa hajavunja chochote.

Mwaka mzima wa daftari ni mzuri, maana masika na kiangazi hazifanani. Miezi sita inatosha kuanzisha mazungumzo.

Hatua ya 4: Chagua zana ya kanuni inayolingana na ugonjwa

Hapa ndipo watu huandika kila kitu walichowahi kusoma. Zana ni chache, na kila moja ina pale inapofaa na pale inapoharibu.

Kipimo cha chini ndicho kinachopendwa: samaki aliye chini ya urefu fulani arudishwe, apate kuzaa angalau mara moja. Kinafaa pale wadogo wanapokua haraka na tatizo ni kwamba wanabebwa mapema. Lakini kwenye vijito vya juu, vyenye baridi na chakula haba, trauti hujazana na kudumaa. Ukiweka kipimo cha chini hapo, unawalazimisha watu kuwarudisha wale wengi wadumavu na kubeba wale wachache wakubwa. Ni kinyume cha unachotaka. Kwenye kijito kama hicho, waruhusu watu wabebe wadogo, na waliobaki watakua.

Dirisha la ukubwa ni kipimo cha pande mbili. Mfano tunaoujua sote ni sangara wa Ziwa Viktoria: nchi za Afrika Mashariki ziliweka sentimita 50 hadi 85, aliye chini au juu ya hapo asivuliwe. Sababu ya kumwacha mkubwa ni mayai. Samaki jike mkubwa hatagi zaidi kidogo kuliko mdogo. Humzidi kwa mbali sana. Kwa mvuvi wa burudani dirisha lina ladha yake: bado unapata wa kula, na yule mkubwa unapiga naye picha kisha anarudi kukungoja mwakani.

Sasa jambo ambalo kanuni nyingi hulikosea. Kipimo chochote, cha chini au cha dirisha, kinadai samaki arudishwe akiwa na uhai. Ukiandika kipimo, kisha ukaruhusu mnyoo kwenye ndoano ndogo, umeandika kanuni ya kurudisha maiti. Samaki anayekula mnyoo huumeza hadi tumboni; anayedaka nzi bandia kwa kawaida hunaswa mdomoni. Kwa hiyo kanuni ya kipimo na kanuni ya zana ni pacha. Ama uruhusu mnyoo na useme "beba wawili wa kwanza, kisha acha kuvua", ama uweke kipimo na udai chambo bandia na ndoano moja isiyo na kibanzi, ile ncha ndogo inayorudi nyuma kuzuia ndoano isichomoke. Kibanzi unakilaza kwa koleo, sekunde tano, hununui chochote.

Namna ya kurudisha iandikwe pia, kwa maneno machache: lowesha mikono kabla ya kumgusa, usiingize vidole kwenye matamvua, asikae nje ya maji zaidi ya pumzi yako moja, na ndoano ikiwa imezama kooni kata mshipi badala ya kuvuta. Bebeni kipimajoto. Maji ya joto yana oksijeni kidogo, na trauti aliyepigana kwenye maji yaliyopita nyuzi 20 anaweza kuogelea akaenda zake vizuri na kufa nusu saa baadaye, mahali ambapo hutamwona. Saa saba mchana mwezi wa Februari, kaa kivulini ule chakula chako.

Kwa tilapia, nasema wazi: achana na vipimo, linda mazalio. Perege na ndugu zake wengi hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Jike ukimnasa, amekwisha kuyatema kabla hujamtoa kwenye ndoano. Kumrudisha ni adabu njema, ila kizazi kile kimepotea. Kinachosaidia ni kutovua kwenye maji ya kina kifupi wanapozalia, na wavuvi wa bwawa lolote watakuonyesha mahali hapo kwa kidole. Besi naye ana tabia yake: dume hulinda kiota, na ukimtoa, wadogo huliwa mara moja.

Msimu wa mapumziko ndio wenye gharama kubwa kwa wavuvi, hivyo uwe wa mwisho kufikiriwa. Omena hupumzishwa Ziwa Viktoria upande wa Kenya tangu Aprili hadi Julai, na wanaoishi kwa omena wanajua miezi hiyo inavyouma. Naivasha nzima ilifungwa kwa mwaka mmoja mwaka 2001. Kwa mto wa burudani huhitaji kufunga mto mzima: funga kijito kimoja chenye changarawe ambako trauti hutaga, acha mto mkubwa wazi. Ni miezi gani? Usinakili kalenda ya Ulaya. Sisi tuko kwenye ikweta na trauti wetu hawajui Oktoba ya Scotland. Nenda Kiganjo uwaulize wanaokamua mayai kwa mikono yao ni lini majike huwa tayari.

Hatua ya 5: Kaa na watu wa mtoni kabla ya kukaa na serikali

Yule mzee wa Othaya alikuwa sahihi. Kanuni ya uvuvi wa burudani huandikwa na watu wenye magari na husimamiwa na watu wasio nayo. Kama hawakuhusika, hawataisimamia, na wana sababu.

Nenda siku isiyo ya soko wala ya kuchuma chai. Pitia kwa chifu au mzee wa mtaa, ndiyo adabu. Usiende na rasimu. Nenda na daftari, na maswali: Nyinyi mnavua? Kwa nini? Samaki walikuwa wapi zamani? Maji hukauka lini? Ni nani huja usiku? Swali hili la mwisho liliibua mazungumzo ya saa nzima kuhusu sumu inayomwagwa mtoni, jambo ambalo ni kosa tayari kwa sheria na halihitaji kanuni mpya, linahitaji mtu wa kupigiwa simu. Hakuna hata mmoja wetu wa Nairobi aliyekuwa akilijua.

Zungumzeni pesa waziwazi. Tuseme klabu inatoza wanachama wake shilingi 500 kwa siku ya kuvua kwenye kipande kile. Wavuvi 10 kwa wikendi, kila mmoja siku moja, ni shilingi 5,000. Nani anazishika, na kijana anayetembea kingo za mto kutazama daftari analipwa ngapi? Mkiliacha swali hili litajijibu lenyewe, na vibaya. Kumbukeni pia kwamba ada ya klabu haichukui nafasi ya leseni ya serikali.

Na watoto. Tulikubaliana mwenyeji aliye chini ya miaka 16 avue kwa mwanzi na mnyoo, samaki wawili, bila kuulizwa na mtu. Mzee akasema, "Hapo sasa tunaongea."

Hatua ya 6: Andika rasimu inayosomeka ukiwa umesimama majini

Kipimo cha kanuni nzuri ni kwamba mtu aliyeshika samaki anayejirusha anaweza kuamua ndani ya pumzi mbili. Maneno kama "kiasi kinachofaa" yafute. Hii ndiyo iliyobaki kwetu kutoka zile 14, na unaweza kuigeuza ifae mto wako:

1. Kipande hiki kinaanzia darajani hadi maporomoko. Kijito cha changarawe upande wa kulia hakivuliwi katika miezi iliyoandikwa kwenye ubao.
2. Mtu mzima atumie chambo bandia na ndoano moja isiyo na kibanzi.
3. Beba trauti wasiozidi wawili kwa siku, wasiozidi alama nyekundu kwenye kipimo. Aliyepita alama arudi majini.
4. Mkunga na kuyu wote warudishwe.
5. Mtoto wa hapa aliye chini ya miaka 16: mwanzi, mnyoo, samaki wawili wa ukubwa wowote.
6. Andika kwenye daftari kabla ya kuondoka, hata kama hukupata kitu.

Alama nyekundu tuliipata kwenye daftari: tuliangalia urefu wa samaki wote wa mwaka, tukaiweka pale ambapo wakubwa wachache wangebaki salama na mtu wa kawaida bado angepata kitoweo. Mto wako utakuwa na namba yake.

Chini ya kila kanuni andika mstari mmoja wa sababu. Afisa atakayesoma hana muda, na mvuvi mbishi atataka kujua. Kama huwezi kuandika sababu kwa mstari mmoja, hiyo kanuni ni mapenzi yako binafsi. Tulikuwa na moja ya kukataza kuvua Jumatatu, na hadi leo sijui ilitoka wapi.

Hatua ya 7: Ijaribu kama kanuni ya klabu, kisha ipeleke mbele

Mna ngazi tatu. Kanuni ya klabu huwafunga wanachama tu, lakini mnaweza kuianza kesho na kuirekebisha bila kumwomba mtu, ilimradi hailegezi chochote ambacho sheria imekikaza. Makubaliano na chama cha msitu, cha maji au BMU yanawafikia wengi zaidi. Kanuni ya serikali inamfikia kila mtu, ina nguvu ya mahakama, na inachukua muda mrefu. Anzeni chini. Mwaka mmoja wa majaribio, pamoja na daftari la kabla na la baada, ni ushahidi ambao ofisi nyingi hazijawahi kuletewa na wavuvi wa burudani.

Mkiamua kupanda, mtu yeyote ana haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge chini ya ibara ya 119 ya Katiba, na kwa kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ila mara nyingi barua ya kawaida kwa KeFS kupitia afisa wa kaunti, yenye rasimu ya ukurasa mmoja na jedwali la daftari, hufika mbali kuliko ombi lenye mihuri. Wapeni nakala watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wale wa sehemu ya samaki ya Makumbusho ya Taifa. Wakikosoa, furahini, mtakuwa mmesahihishwa kabla ya kikao cha hadhara.

Mjue pia njia ambayo kanuni ya kitaifa hupita, ili msilaumu watu bure. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inadai wahusika washauriwe, na kama gharama ni kubwa, tathmini ya athari iandikwe. Kanuni ikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, hupelekwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao, na Bunge linaweza kuibatilisha. Mashauriano yakirukwa, hiyo ni sababu tosha ya kuipinga. Kwa hiyo tangazo la kikao cha maoni likitoka, nendeni, muandike majina, muache nakala. Maoni ya mdomo hupotea na vikombe vya chai.

Sheria hiyo hiyo inasema hati ya aina hii hukoma baada ya miaka 10 isipofutwa au kukoma mapema. Wekeni tarehe hiyo kwenye kalenda. Kwa kanuni za klabu tumeweka miaka miwili: tarehe ikifika bila kikao cha kuzipitia, zinakufa zenyewe. Waliotaka kuziacha zidumu tu walibishana sana, wakashindwa kwa kura mbili.

Hatua ya 8: Ubao

Kanuni ambayo haijaandikwa mtoni haipo. Tulitengeneza ubao wa bati, mistari sita kwa Kiswahili na Kikuyu, na mchoro wa samaki mwenye alama nyekundu kwa ukubwa wake halisi, ili mtu amlaze samaki juu yake apime. Tuliupigilia karibu na daraja, mahali magari yanapoegeshwa, maana mbele ya hapo mvuvi hasomi tena chochote.

Bati liliibwa mwezi wa pili. Sasa samaki na alama yake vimepakwa rangi juu ya jiwe kubwa kando ya njia ya kushukia majini, na rangi huongezwa na mjukuu wa yule mzee kila masika yakiisha, kwa kopo tunalomletea kutoka Nairobi.